Namna ya Kuusoma na Kuuandika Mwaka wa Siasa wa Nchi ya Ulaya: Uingereza, 2022

Makala ya kufunga mwaka kuhusu nchi ya mbali huharibika mara nyingi kwa namna moja: mwandishi hukusanya vichwa vya habari kuanzia Januari hadi Desemba, akavipanga kwa tarehe, kisha akadhani amekwisha kuusimulia mwaka. Msomaji wa Mombasa au Kigoma anayepokea orodha ya aina hiyo hujua kwamba mambo mengi yalitokea, lakini haambiwi kwa nini tangazo la Septemba lilimwangusha mtu Oktoba. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, na unatumia Uingereza ya mwaka 2022 kuwa mfano wa kufanyia kazi, kwa kuwa ndani ya mwaka huo nchi hiyo ilipitiwa na mawaziri wakuu watatu, mawaziri wa fedha wanne, malkia na mfalme, bila wananchi kuitwa hata mara moja kwenye uchaguzi mkuu.

Njia yenyewe ni kushika swali moja na kuliuliza mbele ya kila habari: ni nani mwenye uwezo wa kumwondoa nani, na anahitaji nini ili aweze kufanya hivyo?

Anza na kanuni kabla ya majina

Mpiga kura wa Kenya au Tanzania hupewa karatasi yenye majina ya wagombea urais, akamchagua mmoja wao moja kwa moja. Mpiga kura wa Uingereza hana karatasi hiyo. Yeye huchagua mbunge wa jimbo lake tu, na waziri mkuu huwa ni yule anayeweza kuungwa mkono na wabunge walio wengi katika Bunge la Makabwela lenye viti 650, ndipo mfalme au malkia akamteua. Katika uchaguzi wa Desemba 2019 chama cha Conservative kilipata viti 365. Idadi hiyo peke yake inakwambia kwamba mwaka 2022 upinzani haukuwa na nguvu ya kumwondoa Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo, hata ungepiga kelele namna gani, na kwamba waliokuwa na uwezo huo walikuwa wameketi nyuma yake.

Kwa hiyo, kabla hujasoma habari ya kwanza ya mwaka, andika kanuni za chama kinachotawala kwenye nusu ukurasa. Wabunge wa Conservative wasio mawaziri wana chombo chao kiitwacho Kamati ya 1922. Kwa kanuni za mwaka 2022, asilimia 15 ya wabunge wa chama wakimwandikia mwenyekiti wa kamati hiyo barua za kutaka kura ya imani dhidi ya kiongozi, kura huitishwa, nayo hupigwa kwa siri. Kiongozi akishinda, kanuni humkinga na kura nyingine kwa miezi 12. Akishindwa au akijiuzulu, wabunge huwapunguza wagombea hatua kwa hatua hadi wabaki wawili, kisha wanachama wa kawaida wa chama huchagua mmoja kati ya hao. Ongeza na kanuni ya nchi: mwezi Machi 2022 ilifutwa sheria ya mwaka 2011 iliyokuwa imeweka muda maalumu wa Bunge, hivyo waziri mkuu akarudishiwa uwezo wa kumwomba mfalme au malkia alivunje Bunge wakati autakao. Katika chama kilichogawanyika, hilo lilikuwa tishio ambalo kila mbunge mwenye kiti cha mashaka alilihesabu.

Tarehe 5 Septemba 2022 inafaa kuwekwa mbele ya msomaji wa Afrika Mashariki kama kielelezo cha kanuni hizi. Siku hiyo Mahakama ya Juu ya Kenya ilithibitisha ushindi wa William Ruto, aliyepata kura zaidi ya milioni 7. Siku hiyo hiyo, jijini London, ilitangazwa kwamba Liz Truss amemshinda Rishi Sunak katika kinyang'anyiro cha kumrithi Johnson, kwa kura 81,326 dhidi ya 60,399, zote zikiwa za wanachama wa chama kimoja, na kesho yake akawa waziri mkuu wa nchi yenye watu zaidi ya milioni 67. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Mwandishi asiyeeleza utaratibu huo atamwacha msomaji akidhani kwamba Truss alishinda uchaguzi wa nchi, na kosa hilo litaifanya hadithi ya Oktoba isieleweke kabisa.

Tafuta mahali mwaka unapoanzia

Mwaka wa siasa hauna adabu ya kuanza tarehe 1 Januari. Rudi nyuma hadi ufike kwenye tukio ambalo bila hilo habari ya kwanza haina maana. Kwa mwaka 2022 tukio hilo liko mwishoni mwa Novemba 2021, magazeti yalipoanza kufichua kwamba ofisi ya waziri mkuu, Downing Street, ilikuwa na mikusanyiko na vinywaji wakati wa UVIKO, kipindi ambacho sheria iliwakataza raia kukutana na hata kuwazuia wengi kuwa kando ya vitanda vya wazazi wao waliokuwa wakifa. Polisi walitoa faini 126. Tarehe 12 Aprili Johnson na waziri wake wa fedha, Sunak, walikuwa miongoni mwa waliotozwa, kwa sababu ya mkusanyiko wa siku ya kuzaliwa ya Johnson uliofanyika Juni 2020; akawa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza kubainika kuvunja sheria akiwa madarakani.

Hapa waandishi wengi huishia kwenye keki ya siku hiyo ya kuzaliwa. Uzito wa jambo, kisiasa, ulikuwa kwingine: Desemba 2021 Johnson aliliambia Bunge kwamba kanuni zilifuatwa. Kwa desturi ya Bunge la Uingereza, waziri anayelipotosha Bunge kwa makusudi anatarajiwa kujiuzulu, na desturi hiyo ndiyo iliyowapa wabunge wake sababu ya kuandika barua. Faini yenyewe isingewapa.

Weka kalenda mbili

Gawanya ukurasa sehemu mbili. Upande mmoja andika mambo yaliyojulikana mapema: uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 5 Mei, sherehe za miaka 70 ya Malkia Elizabeth kutoka 2 hadi 5 Juni, takwimu za mfumuko wa bei zinazotolewa kila mwezi, vikao vya Benki Kuu ya Uingereza kuhusu riba, mikutano mikuu ya vyama mwanzoni mwa vuli. Upande wa pili andika yaliyoibuka. Ukizisoma kalenda hizi pamoja utaona namna mambo ya upande wa pili yanavyosubiri ya upande wa kwanza. Ripoti ya mtumishi wa umma Sue Gray kuhusu mikusanyiko ilitoka tarehe 25 Mei, lakini kura ya imani ilipigwa Jumatatu ya tarehe 6 Juni, siku ya kwanza ya kazi baada ya sherehe za Malkia. Wabunge wa chama kinachojigamba kwa utiifu kwa ufalme hawangependa kuonekana wakimng'oa waziri mkuu katikati ya sherehe hizo.

Usiishie kwenye nani alishinda

Johnson alishinda kura ya tarehe 6 Juni kwa 211 dhidi ya 148. Vichwa vya habari vilisema amenusurika, na kwa kanuni ndivyo. Wewe ichukue namba, uivunje. Wabunge 148 kati ya 359 ni asilimia 41, na zaidi ya wabunge 100 wa chama hicho walikuwa na vyeo serikalini vilivyomtegemea yeye mwenyewe, kwa hiyo miongoni mwa wale wasio na vyeo uasi ulikuwa mkubwa kuliko asilimia inavyoonyesha. Kisha tafuta waliotangulia. Theresa May alishinda kura kama hiyo Desemba 2018 kwa 200 dhidi ya 117, matokeo mazuri kuliko ya Johnson, lakini Julai iliyofuata alikuwa ameondoka. Margaret Thatcher naye aliongoza duru ya kwanza Novemba 1990 kwa 204 dhidi ya 152, akajiuzulu siku chache baadaye. Mwandishi aliyekuwa na namba hizi mezani angeweza kusema jioni ya tarehe 6 Juni, bila kuwa mtabiri, kwamba kinga ya miezi 12 ni ya karatasi.

Yaliyofuata yanaweza kusimuliwa kwa haraka. Tarehe 23 Juni chama kilipoteza chaguzi ndogo mbili kwa siku moja: Wakefield kwa Labour, na Tiverton and Honiton kwa Liberal Democrats, jimbo ambalo mwaka 2019 Conservative walilishinda kwa tofauti ya kura zaidi ya 24,000. Wiki moja baadaye Chris Pincher, naibu mnadhimu mkuu wa chama, alijiuzulu kwa tuhuma za kuwashika watu mwili bila ridhaa, na ikabainika kwamba Johnson alikuwa amewahi kuarifiwa juu ya malalamiko ya awali ingawa ofisi yake ilikuwa imesema vingine. Jioni ya 5 Julai Sajid Javid na Rishi Sunak walijiuzulu uwaziri. Hadi asubuhi ya tarehe 7, zaidi ya watu 50 walikuwa wamewafuata kuacha vyeo, na Johnson akatangaza kuondoka. Hakuna kifungu kilichomlazimisha. Serikali iliisha watu tu.

Fuata fedha, na ufuate polepole

Sehemu hii ndiyo inayostahili nafasi kubwa kuliko zote katika makala ya mwaka 2022, na ndiyo ambayo waandishi wengi wa lugha yetu huipita mbio kwa kuogopa istilahi. Istilahi zenyewe ni chache.

Weka kwanza hali ya maisha. Mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 5.5 Januari, ukafika 9 Aprili na 11.1 Oktoba, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 41, chanzo kikubwa kikiwa bei ya gesi iliyopanda zaidi baada ya Urusi kuivamia Ukraine tarehe 24 Februari. Asilimia hizo hulinganisha mwezi na mwezi ule ule wa mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mfumuko uliposhuka hadi 10.7 Novemba, bei hazikushuka. Zilipanda kwa kasi ndogo zaidi, na magazeti kadhaa yanayotafsiri habari za mashirika hukosea hapo hapo.

Tarehe 8 Septemba, siku mbili baada ya kuteuliwa, Truss alitangaza kwamba serikali itabeba sehemu ya gharama za umeme na gesi ili nyumba ya kawaida ilipe takriban pauni 2,500 kwa mwaka. Namba hiyo ilikuwa makadirio ya matumizi ya wastani. Kilichowekewa kikomo kilikuwa bei ya kila uniti, na aliyetumia zaidi alilipa zaidi. Ukiandika kwamba bili haikuruhusiwa kuvuka pauni 2,500 utakuwa umerudia kosa ambalo Truss mwenyewe alilifanya redioni.

Tarehe 23 Septemba Waziri wa Fedha, Kwasi Kwarteng, alisoma bungeni kile kilichokuja kuitwa bajeti ndogo. Ilikuwa na punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45 kwa mwaka, pamoja na kufuta kiwango cha juu cha kodi ya mapato cha asilimia 45, na fedha za kuziba pengo hilo zingetoka kwenye mikopo. Mambo mawili yaliwashtua wakopeshaji kuliko ukubwa wa namba. La kwanza ni kwamba haikuambatana na makadirio ya Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti, chombo huru kilichoundwa mwaka 2010 kwa kazi hiyo hasa. La pili ni kwamba katibu mkuu wa Wizara ya Fedha, Tom Scholar, alikuwa amefukuzwa siku za kwanza kwanza za serikali mpya. Mkopeshaji anayeona mkaguzi ameachwa nje na mtumishi mzoefu ametimuliwa hudai riba zaidi.

Sasa eleza hatifungani. Serikali hukopa kwa kuuza hatifungani, na bei ya hatifungani ikishuka, riba anayoipata mnunuzi mpya hupanda. Baada ya bajeti ndogo wengi waliuza, bei zikaporomoka, na riba ya hatifungani za miaka 30 ikavuka asilimia 5. Mifuko mingi ya pensheni ilikuwa imeweka mikataba iliyoitaka itoe dhamana zaidi kila bei zinaposhuka. Ili kupata fedha za dhamana, mifuko hiyo ikauza hatifungani zake, bei zikashuka tena, ikadaiwa dhamana nyingine. Mzunguko huo ulikatizwa tarehe 28 Septemba, Benki Kuu ya Uingereza ilipotangaza kwamba itanunua hatifungani za hadi pauni bilioni 65. Siku mbili kabla yake pauni ilikuwa imeshuka hadi takriban dola 1.03, kiwango cha chini kabisa katika historia yake. Shirika la Fedha la Kimataifa nalo lilitoa onyo la wazi. Wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam, waliozoea kusikia IMF ikizikemea serikali zao, wana haki ya kutua kidogo kwenye aya hiyo.

Kutoka hapo rudi kwenye swali letu. Wakopeshaji hawana kura bungeni, wala hawaandiki barua kwa Kamati ya 1922. Lakini riba za mikopo ya nyumba zilivuka asilimia 6 mwanzoni mwa Oktoba, mamia ya aina za mikopo yakaondolewa sokoni, na wapiga kura wakawaandikia wabunge wao, ambao ndio wenye barua. Hiyo ndiyo njia ambayo soko lilipitia hadi kumfikia waziri mkuu, na kuieleza kunatosha kuliko kusema kwamba soko lilimpindua. Tarehe 14 Oktoba Kwarteng alifukuzwa. Tarehe 17 mrithi wake, Jeremy Hunt, alifuta karibu kila kitu kilichokuwemo katika bajeti ndogo. Tarehe 20, siku yake ya 45, Truss alitangaza kujiuzulu, huku gazeti moja la udaku likiwa limeweka kamera mbele ya kichwa cha letusi, mboga ya saladi, kuona kama kitaoza kabla yeye hajaondoka. Letusi unaweza kuitaja mara moja. Ni kichekesho kizuri, lakini kimewafanya waandishi wengi waisahau mifuko ya pensheni.

Msiba unaosimamisha siasa

Malkia Elizabeth alifariki dunia huko Balmoral tarehe 8 Septemba, saa chache baada ya tangazo la bei za nishati, akiwa na miaka 96. Alikuwa nchini Kenya Februari 1952 alipourithi ufalme, na magazeti ya Afrika Mashariki yaliliandika sana hilo. Kwa mwandishi wa siasa, la kuangalia ni kwamba shughuli za kawaida za Bunge zilisimama hadi baada ya mazishi ya tarehe 19 Septemba. Mpango wa nishati uliogharimu makumi ya mabilioni haukupata mjadala wa kutosha, na serikali mpya ilifika kwenye bajeti ndogo ikiwa haijabanwa vya kutosha kwa maswali.

Watu na asili zao

Sunak, aliyeteuliwa kuwa waziri mkuu tarehe 25 Oktoba baada ya kubaki mgombea pekee aliyefikisha wabunge 100 wa kumpendekeza, ni mtoto wa baba aliyezaliwa Kenya na mama aliyezaliwa Tanganyika. Habari hiyo ni ya kweli, na inawahusu wasomaji wetu. Ipe aya moja. Inaeleza historia ya Wahindi wa Afrika Mashariki waliohamia Uingereza miaka ya 1960, haielezi sera. Priti Patel, waziri wa mambo ya ndani wa Johnson, ambaye wazazi wake walitoka Uganda, ndiye aliyetia saini Kigali, Aprili 2022, mpango wa kuwapeleka Rwanda baadhi ya waomba hifadhi, na Suella Braverman, mrithi wake katika wizara hiyo, ambaye baba yake alitoka Kenya, ndiye aliyeurithi na kuutetea.

Toka nje ya Westminster, makao ya Bunge la London, na usome nyaraka zenyewe

Uingereza ina serikali zaidi ya moja. Mei 2022 Sinn Féin, chama kinachotaka Ireland iungane, kilikuwa cha kwanza kwa mara ya kwanza katika bunge la Ireland Kaskazini, kwa viti 27 kati ya 90, lakini serikali ya pamoja haikuundwa kwa sababu chama cha DUP, kinachotaka Ireland Kaskazini ibaki ndani ya Uingereza, kiligoma kuingia kikipinga masharti ya biashara yaliyotokana na Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Tarehe 23 Novemba Mahakama ya Juu iliamua kwamba bunge la Scotland haliwezi kuitisha kura ya maoni kuhusu uhuru bila idhini ya London. Desemba wauguzi wa England, Wales na Ireland Kaskazini waligoma. Kila moja kati ya hayo lina mtu wake mwenye uwezo wa kuzuia au kuruhusu, mtaje.

Nyaraka za kuthibitishia zinapatikana bure mtandaoni: Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, kwa kila neno lililotamkwa, Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa bei, Benki Kuu kwa riba, na tovuti ya Mahakama ya Juu, ambayo huweka muhtasari mfupi wa kila hukumu. Kauli ya waziri ikikupendeza, itafute Hansard kabla ya kuitafsiri, kwa sababu mara nyingi sentensi iliyonukuliwa gazetini imekatwa pale ambapo waziri alianza kuweka sharti.

Mwishoni, tenga mambo ambayo mwaka haukuyamaliza, na uyaandike kwa hadhi yake halisi. Ndege ya kwanza ya Rwanda ilizuiwa tarehe 14 Juni kwa agizo la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Tarehe 19 Desemba Mahakama Kuu ya London ilisema mpango huo ni halali kwa jumla. Aliyeandika wakati huo kwamba mahakama imeupitisha alikuwa sahihi kwa jinsi ilivyokuwa siku hiyo, mradi aliongeza kwamba rufaa ilikuwa bado na kwamba juu ya Mahakama Kuu zipo ngazi mbili; Novemba 2023 Mahakama ya Juu iliutangaza kuwa kinyume cha sheria, na Julai 2024 serikali mpya ya Labour ikauacha.